Kujifunza Briji Kuanzia Sifuri: Cheza Kwanza, Mnada Baadaye

Anayeanza kujifunza mchezo wa karata wa briji kwa kawaida huwekewa jedwali la madau mbele yake: ukiwa na pointi hizi taja hiki, mwenzako akijibu vile taja kile. Anakariri, anachanganyikiwa, anaacha. Mimi nashauri njia ya kinyume. Mnada wa briji ni ahadi ya duru (mizunguko ya karata nne) ambazo wewe na mwenzako mtakula, na mtu ambaye hajawahi kuzila hajui anaahidi nini. Kwa hiyo tutaanza na karata mkononi, kisha ndipo tuuendee mnada.

Unahitaji watu wanne, seti moja ya karata 52 bila jokeri, karatasi na kalamu.

Meza na karata

Wachezaji wanne ni timu mbili. Wenzi hukaa wakitazamana, na viti hupewa majina ya dira: Kaskazini na Kusini timu moja, Mashariki na Magharibi timu nyingine. Mgawaji huchanga karata, mpinzani anakata, kisha karata zinagawiwa moja moja kuanzia kwa aliye kushoto kwa mgawaji. Kila kitu katika briji hufuata mwendo wa saa: kugawa, kutaja dau, kutupa karata. Mwisho kila mtu ana karata 13.

Aina ni nne: shupaza (nyeusi, umbo la jembe), kopa (moyo mwekundu), uru (nyekundu, pembe nne) na pau (nyeusi, vijani vitatu). Katika kila aina ree ndiyo kubwa, ikifuatiwa na mfalme, malkia, jeki, 10, na kushuka hadi 2. Zipange karata zako kwa aina, nyeusi na nyekundu zikipishana. Ukiziweka kopa na uru pamoja, siku moja utatupa kopa ukidhani ni uru, na utaadhibiwa.

Hatua ya kwanza: kula duru

Mchezaji mmoja anatupa karata mezani, wengine watatu wanafuata kwa zamu. Karata hizo nne ni duru moja. Kama una aina iliyoanzishwa, lazima uifuate. Kama huna, tupa chochote, ikiwemo turufu, yaani aina iliyochaguliwa kuzishinda nyingine zote. Duru huliwa na karata kubwa zaidi ya aina iliyoanzishwa, isipokuwa mtu amekata kwa turufu. Hapo turufu kubwa zaidi ndiyo inayokula. Aliyekula ndiye anayeanzisha duru inayofuata. Duru ni 13 kwa kila mgao.

Ukiacha kufuata aina ilhali unayo, umekana aina. Wapinzani wakigundua, kwa kawaida duru moja au mbili ulizokula huhamia kwao.

Kabla ya lolote lingine, chezeni migao michache hivi hivi: bila mnada, bila turufu, kila timu ikijaribu kula duru nyingi iwezekanavyo. Kisha chezeni mingine mkikubaliana kwamba shupaza ni turufu. Kitu cha kuangalia ni wapi duru zinatoka. Anayeanza hudhani zinatoka kwa ree na wafalme peke yao. Tazama hapa: wewe una kopa tano, yaani ree, mfalme, malkia, 4 na 2, na mwenzako ana kopa tatu ndogo. Kati yenu mna nane, hivyo wapinzani wana tano. Mara nyingi, takriban 68 kwa kila 100, hizo tano zimegawanyika tatu kwa mmoja na mbili kwa mwingine. Ukicheza ree, mfalme na malkia, kopa zao zimekwisha. Sasa ile 4 na ile 2 zinakula duru mbili, na hakuna mwenye kuzizuia ikiwa hakuna turufu. Mchezaji anayeziona duru hizo mbili kabla hazijaliwa ameshavuka nusu ya safari ya briji.

Hatua ya pili: pointi na dami

Nguvu ya karata hupimwa kwa pointi: ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Kwa hiyo seti nzima ina pointi 40, na wastani wa kila mchezaji ni 10. Hesabu hii ilienezwa zaidi na Mmarekani Charles Goren, na hadi leo karibu kila mfumo wa mnada umejengwa juu yake.

Sasa chezeni briji ndogo, toleo lililotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza. Kila mchezaji, kuanzia mgawaji, anatangaza pointi zake. Timu yenye nyingi zaidi ndiyo itakayocheza. Ndani ya timu hiyo mwenye nyingi zaidi ndiye mwenye mkataba, yaani ahadi ya idadi ya duru. Mwenzake analaza karata zote mezani zikiwa wazi, zimepangwa kwa aina katika safu nne. Huyo ndiye dami. Mwenye mkataba anaangalia mikono yote miwili, anachagua turufu (au bila turufu), anataja idadi ya duru atakazokula, kisha mpinzani wa kushoto kwake anatupa karata ya kufungulia. Pointi zikiwa 20 kwa 20, gaweni upya.

Kuanzia hapo mwenye mkataba anachezea mikono miwili, wake na wa dami. Dami anatupa karata anayoambiwa na kukaa kimya, hata akiona kitu kinachomchoma moyo.

Briji ndogo ina faida moja kubwa: mnamaliza mgao mzima bila kujua dau hata moja, na huku mnajifunza sehemu ngumu, yaani kupanga.

Kupanga kabla ya kugusa karata

Karata ya kufungulia ikishatupwa na dami akishalaza karata, simama. Usitupe kitu. Mikataba mingi inayoanguka huanguka katika duru ya kwanza, kwa mtu aliyetupa haraka kisha akaanza kufikiri.

Katika mkataba wa bila turufu, hesabu duru za uhakika, yaani zile unazoweza kula sasa hivi bila kumpa mpinzani nafasi ya kuanzisha duru. Zikipungua, tafuta aina ndefu ya kukuzalishia zilizobaki, na uishughulikie mapema ungali na ree za kuzuia aina nyingine. Kula ree zako zote mwanzoni kunaonekana kama kushinda, kumbe unawafungulia wapinzani milango.

Katika mkataba wenye turufu, hesabu kinyume: duru utakazopoteza, ukiangalia aina moja baada ya nyingine kutoka upande wenye turufu nyingi. Zikizidi unazoruhusiwa kupoteza, kuna njia chache za kuzipunguza, na mbili hutokea karibu kila mgao.

Ya kwanza ni kukata kwa turufu upande wenye turufu chache, ambao kwa kawaida ni wa dami. Turufu zako ndefu zitakula duru zenyewe hata usipokata nazo, hivyo kukata mkononi mwako mara nyingi hakuongezi kitu. Kukata kwa turufu za dami kunaongeza.

Ya pili ni mtego. Una ree na malkia wa uru mkononi, dami ana uru mbili ndogo, na mfalme yuko kwa mpinzani. Ukianzisha ree kisha malkia, malkia ataliwa. Badala yake anzisha uru ndogo kutoka kwa dami. Mpinzani wa kulia kwako anacheza kabla yako: akimtoa mfalme, unamla kwa ree na malkia wako anabaki mkubwa; akitoa ndogo, weka malkia. Mfalme akiwa kwa huyo wa kulia, malkia anakula. Akiwa kwa wa kushoto, umepoteza. Ni nusu kwa nusu, na nusu ni bora kuliko sifuri. La kukumbuka ni kwamba mtego huchezwa kwa kuielekea karata unayotaka ile, kutoka upande wa pili. Hivyo lazima uwe na njia ya kuingia upande huo, na njia hizo zihesabiwe mwanzoni.

Na turufu za wapinzani je? Kwa kawaida zimalize mapema, ili wasikate ree zako. Ila kama unahitaji kukata kwa dami, hakikisha umemwachia turufu za kutosha kabla hujaendelea kuzivuta.

Hatua ya tatu: ngazi ya mnada

Mkishazoea briji ndogo, mtaanza kuona kasoro yake: mwenye mkataba anachagua akiwa anaona karata 26. Katika briji kamili anachagua akiona 13, na nyingine 13 lazima azifahamu kupitia mnada.

Dau lina namba na aina. Namba inahesabiwa juu ya duru sita: dau la 1 ni ahadi ya duru 7, la 2 ni duru 8, la 7 ni duru zote 13. Aina hupanda kwa mpangilio huu: pau, uru, kopa, shupaza, kisha bila turufu juu ya zote. Kwa hiyo baada ya "moja kopa" unaweza kutaja "moja shupaza", lakini ukitaka pau lazima uende "mbili pau". Kuanzia moja pau hadi saba bila turufu kuna ngazi 35.

Mgawaji anaanza. Kila mtu kwa zamu anataja dau la juu kuliko lililotangulia, au anasema "pasi", au "dabo" kwa dau la wapinzani, yaani kukuza alama zake (na wao wanaweza kujibu "ridabo"). Wote wanne wakipasi mwanzoni, karata zinagawiwa upya. Vinginevyo mnada unafungwa na pasi tatu mfululizo, na dau la mwisho linakuwa mkataba. Mwenye mkataba ni yule wa timu iliyoshinda aliyekuwa wa kwanza kuitaja aina hiyo, hata kama aliyeipandisha hadi mwisho ni mwenzake.

Kwa nini kupanda juu, ikiwa duru mtakazokula ni zilezile? Jibu liko kwenye alama. Kila duru inayozidi sita ina thamani ya 20 kwa pau na uru, 30 kwa kopa na shupaza, na kwa bila turufu 40 ya kwanza kisha 30 kila moja. Mkataba wenye thamani ya 100 au zaidi unaitwa gemu, na una bonasi nono. Unaipata kwa tatu bila turufu (duru 9), nne kopa au nne shupaza (duru 10), ama tano pau au tano uru (duru 11). Duru za ziada ambazo hamkuziahidi haziwafikishi kwenye gemu. Sheria hiyo ndiyo roho ya briji ya leo: Mmarekani Harold Vanderbilt aliikamilisha mwaka 1925 akiwa safarini melini, na mchezo wa zamani, ambapo ziada ilihesabiwa kuelekea gemu, ukafifia ndani ya miaka michache.

Malengo ya kukariri ni machache. Kati yenu wawili, pointi 25 hivi zinatosha kwa tatu bila turufu au nne kopa na shupaza. Tano pau na tano uru zinataka kama 29, ndiyo maana wachezaji huzikwepa na kupendelea tatu bila turufu. Slamu ndogo, yaani duru 12, inataka 33, na slamu kubwa ya duru zote 13 inataka 37. Maswali ya mnada yanabaki mawili: je, tuna aina ambayo kati yetu tunazo nane au zaidi? Na je, tunafika 25?

Kufungua

Ukiwa na pointi 12 au zaidi, fungua. Chini ya hapo, pasi, isipokuwa una aina ndefu sana. Hilo nitaligusa baadaye.

Tazama kwanza kama mkono wako ni sawia na una pointi 15 hadi 17. Mkono sawia hauna aina isiyo na karata wala yenye karata moja tu, na aina yenye karata mbili haizidi moja. Ukiwa nao, taja moja bila turufu. Ni dau zuri kuliko yote kwa sababu kwa maneno matatu mwenzako ameshaujua mkono wako karibu wote.

Kama sivyo, tafuta kopa au shupaza tano. Ukiwa nazo, taja moja ya aina hiyo. Ukiwa na tano tano za aina mbili, taja ya juu. Kama huna, taja iliyo ndefu kati ya pau na uru. Zikiwa nne kwa nne taja uru, zikiwa tatu kwa tatu taja pau. Ndiyo, wakati mwingine utafungua moja pau ukiwa na pau tatu tu. Usiogope, mwenzako anajua.

Mbili bila turufu ni pointi 20 au 21, mkono sawia. Mbili pau ni dau la nguvu, 22 na kuendelea, na mwenzako haruhusiwi kupasi hata akiwa na sifuri. Mbili uru, mbili kopa na mbili shupaza ni kinyume chake: karata sita nzuri za aina hiyo na pointi 6 hadi 10 tu, kwa lengo la kuwaziba wapinzani wasipate nafasi ya kuzungumza. Ukiwa na saba, anza ngazi ya tatu. Madau haya ya kuziba yanafurahisha, lakini yaacheni kwanza mpaka yale ya kawaida yatoke bila kufikiri.

Kumjibu mwenzako

Mwenzako amefungua moja ya aina fulani. Ukiwa na pointi 0 hadi 5, pasi. Ukiwa na 6 au zaidi, jibu, kwa sababu huenda yeye ana 19.

Akifungua kopa au shupaza nawe una tatu au zaidi za aina hiyo, mmeshapata karata nane, usizunguke. Kwa pointi 6 hadi 9 mpandishe hadi mbili, kwa 10 hadi 12 hadi tatu, kwa 13 hadi 15 nenda nne moja kwa moja. Hapa ongeza kidogo kwa uhaba wa aina nyingine: pointi moja kwa aina yenye karata mbili, tatu kwa yenye moja, na tano kwa isiyo na karata ukiwa na turufu za kutosha. Aina fupi ni duru za kukata.

Kama huna za kumuunga mkono, taja aina yako mpya ya karata nne au zaidi katika ngazi ya kwanza. Ukilazimika kwenda ngazi ya pili uwe na 10 au zaidi. Aina mpya kutoka kwa anayejibu haina kikomo cha juu, na aliyefungua halazimiki kuipenda lakini analazimika kuzungumza tena. Hapo ndipo wanaoanza huachana njiani: mmoja anataja aina mpya akisubiri kuendelea, mwingine anapasi. Kubalianeni kabla ya kukaa mezani. Na kama huna aina ya kutaja katika ngazi ya kwanza wala pointi 10 za kupanda, moja bila turufu inasema "nina 6 hadi 9, sina zaidi".

Baada ya moja bila turufu hesabu ni nyepesi, maana unajua mwenzako ana 15 hadi 17. Ukiwa na 0 hadi 7, pasi, au taja mbili za aina yako ya karata tano na yeye aachie hapo. Ukiwa na 8 au 9, mbili bila turufu: yeye mwenye 17 anapanda, mwenye 15 anapasi. Ukiwa na 10 hadi 15, tatu bila turufu. Ukiwa na kopa au shupaza sita na pointi 10, taja nne.

Aliyefungua naye, zamu yake ikirudi, anatakiwa kusema yuko ngazi gani ya nguvu: 12 hadi 15 ni ya chini, anarudi polepole; 16 hadi 18 ni ya kati, anaruka hatua moja akiwa na mahali pa kurukia; 19 na kuendelea anahakikisha wanafika gemu. Mmoja wenu akishaeleza kikomo cha nguvu zake, mwingine ndiye nahodha. Nahodha anajumlisha na kuamua.

Wapinzani nao wana midomo. Wakifungua wao, unaweza kuingilia kwa aina yako ukiwa na karata tano nzuri na kama pointi 8 hivi katika ngazi ya kwanza, zaidi katika ya pili. Ukiwa na nguvu za kufungua, karata chache za aina yao na zilizobaki zote unazimudu, sema "dabo". Kwa dau la chini, dabo hiyo ni ombi: "chagua aina mwenzangu". Mwenzako akipasi kwa sababu mkono wake ni dhaifu, mtawaachia wapinzani zawadi.

Mgao mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Kusini amegawa, na hizi ndizo karata zake:
Shupaza: ree, mfalme, jeki, 9, 4
Kopa: 7, 3
Uru: ree, malkia, 5
Pau: 8, 6, 2

Kaskazini, mwenzake, ana hizi:
Shupaza: malkia, 10, 6, 3
Kopa: ree, 8, 5, 4
Uru: 8, 4
Pau: ree, 7, 5

Kusini ana pointi 14 na shupaza tano: moja shupaza. Magharibi pasi. Kaskazini ana 10, na uru mbili zinampa ya 11. Shupaza anazo nne: tatu shupaza. Mashariki pasi. Kusini anajua sasa kwamba mwenzake ana 10 hadi 12; akiongeza 14 zake anapata 24 hadi 26. Ni mpakani, lakini shupaza ni tisa kati yao, basi nne shupaza. Pasi tatu. Kusini ndiye mwenye mkataba wa duru 10. Anaruhusiwa kupoteza tatu.

Magharibi anafungulia mfalme wa kopa. Kaskazini analaza karata. Kusini anahesabu upotevu: kopa mbili, ree inafunika moja, inabaki moja. Pau tatu, ree inafunika moja, zinabaki mbili. Uru, malkia na 5 zote mashakani. Jumla tano, mbili zaidi ya anazoruhusiwa. Mpango: uru 5 ikatwe na dami, malkia aponywe kwa mtego.

Ree ya kopa inakula. Shupaza ndogo kutoka kwa dami hadi kwa ree mkononi. Wapinzani wote wawili wanafuata. Kisha shupaza 4 hadi kwa malkia wa dami, wanafuata tena. Shupaza zao zilikuwa nne, zimekwisha, na Kusini anaacha kuvuta. Angalia kwamba ya pili imeishia kwa dami makusudi, kwa sababu mtego wa uru unaanzia huko. Uru 4 kutoka kwa dami, Mashariki anatoa 3, Kusini anaweka malkia, Magharibi anatoa 2. Amekula! Mfalme alikuwa kwa Mashariki. Ree ya uru, kisha uru 5 inakatwa na shupaza 6 ya dami. Zimeliwa duru sita. Mkononi kuna mfalme, jeki na 9 za shupaza, na kwa dami kuna ree ya pau. Kumi kamili. Kopa moja na pau mbili ni zao.

Angevuta shupaza mara nne bila kufikiri, dami asingebaki na turufu ya kukata. Angeanzisha uru kutoka mkononi mwake, malkia angeliwa. Karata zilezile, na mkataba ungeanguka.

Ukiwa upande wa wapinzani

Utakuwa mpinzani karibu nusu ya migao yote, kwa hiyo usiichukulie kama mapumziko. Dhidi ya bila turufu, fungulia karata ya nne kutoka juu katika aina yako ndefu. Ukiwa na mfululizo kama mfalme, malkia, jeki, fungulia wa juu yake. Kama mwenzako alitaja aina katika mnada, anza na hiyo. Dhidi ya mkataba wenye turufu, mfululizo ni salama, karata ya pekee inafaa ukitaka kukata, na ree isiyo na mfalme usiianzishe bila sababu.

Anayecheza wa pili katika duru kwa kawaida hutoa ndogo. Wa tatu hutoa kubwa aliyonayo, kwa kiasi cha kumshinda dami tu. Na hesabu. Anza na turufu peke yake: ngapi zimetoka, ngapi zimebaki.

Alama, kwa ufupi

Mkitimiza mkataba, mnapata thamani ya duru pamoja na bonasi: 50 kwa mkataba mdogo, 300 kwa gemu, au 500 kama timu yenu iko hatarini (hali inayokuza bonasi na adhabu). Nne shupaza za hapo juu zinaleta 120 na 300, yaani 420; mngesimama kwenye mbili shupaza na kula duru kumi hizo hizo, mngeondoka na 170. Slamu ndogo inaongeza 500 (750 hatarini) na kubwa 1000 (1500). Mkishindwa, wapinzani wanapata 50 kwa kila duru iliyopungua, 100 mkiwa hatarini, na zaidi sana ikiwa walisema dabo. Hali ya hatari huzungushwa mgao kwa mgao: mara hakuna timu, mara moja, mara zote mbili.

Adabu na mazoezi

Katika briji ujumbe wote kwa mwenzako unapitia madau na karata. Kukunja uso, kushusha pumzi, kusema "pasi" kwa sauti ya kukata tamaa, hata kuchelewa makusudi, ni udanganyifu. Kwenye mashindano madau hutolewa kwa kadi zilizochapishwa, sauti isitumike kabisa. Mwenzako akikosea, zungumzeni baada ya kikao. Kumlaumu mezani humfanya akosee zaidi katika mgao unaofuata.

Ukikosa watu watatu wa kukaa nao, tovuti ya Bridge Base Online ni bure na ina roboti za kucheza nazo saa yoyote. Cheza nazo huku ukijilazimisha kusimama kabla ya duru ya kwanza. Wewe na mwenzako mkishafika mahali ambapo madau ya ukurasa huu hayawasumbui, ongezeni kanuni mbili, kwa mpangilio huu: Stayman, ambapo mbili pau baada ya moja bila turufu ni swali la kama mfunguzi ana kopa au shupaza nne, kisha madau ya uhamisho, ambapo unataja aina moja ili mwenzako ataje iliyo juu yake. Nyingine zote zinaweza kusubiri.